Nani Alikinyamazisha Kilima cha Ben Bhraggie?

Kaskazini mwa Uskoti, mahali ambapo nyanda za juu zinashuka hadi Ghuba ya Moray, upo mji mdogo wa Golspie, na nyuma ya mji huo kimesimama kilima chenye kimo cha mita 397. Wenyeji wanakiita Ben Bhraggie. Kwa Kigaeli ni Beinn a' Bhragaidh. Wapandaji wengi wa milima hawakijui. Mwaka 1891 Sir Hugh Munro alichapisha orodha ya milima ya Uskoti inayozidi futi 3,000, na tangu hapo wapo watu wanaotumia nusu ya maisha yao kuimaliza, mmoja baada ya mwingine, yote 282. Ben Bhraggie hakifiki hata nusu ya kimo kinachotakiwa. Umati unaelekea Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uingereza, wenye mita 1,345, huku hapa Golspie mtu akiweza kupanda, kukaa kileleni na kushuka bila kupishana na zaidi ya watu wawili watatu.

Njia inaanzia katikati ya mji, inapanda kwa Fountain Road, inapita chini ya reli na kando ya shamba, kisha inaingia kwenye misonobari. Ukitoka kwenye misonobari hiyo anga linafunguka, mteremko unakuwa mkali, na pande zote unazungukwa na hetha: kichaka kifupi cha majani madogo magumu kinachofunika ardhi bila kuacha nafasi. Mwezi wa Agosti hetha huchanua, na kilima chote hugeuka zambarau. Nyuki huvuma kuanzia asubuhi, kwa kuwa wafugaji hupeleka mizinga nyikani msimu huo kutafuta asali nzito, nyeusi kiasi, ambayo Waskoti wanaithamini kuliko asali nyingine zote. Kelele nyingine hakuna.

Mgeni anayefika hapo kwa mara ya kwanza hudhani ameona nchi ambayo mkono wa binadamu haujaigusa. Vitabu vingi vya utalii vimemfundisha kudhani hivyo. Naandika makala hii kwa kuwa dhana hiyo si ya kweli, na kwa kuwa inafunika watu. Zambarau ile na ukimya ule vimetengenezwa, kwa shoka, kwa moto, kwa kondoo, kwa hati za mahakama, na walioathirika wana majina. Kileleni, juu ya nguzo ndefu ya mawe, amesimama mtu ambaye watu wa Sutherland hawajamaliza kesi naye hadi leo.

Tuanze na mmea wenyewe. Hetha inayotawala hapa inajulikana kisayansi kama Calluna vulgaris, na kati yake humea ndugu zake wawili wa jenasi ya Erica, mmoja akipenda mahali pakavu penye mawe na mwingine akipenda palipolowa maji. Msomaji aliyepanda Kilimanjaro kutoka Mandara kwenda Horombo amekwisha kuwaona jamaa zake. Kule juu ya msitu wa mvua, Erica ni mti kamili, mrefu kuliko mtu, wenye matawi yaliyojaa ukoga mrefu wa kijivu. Uskoti mmea huu haupiti magoti. Lakini pande zote mbili moto una kauli kubwa juu yake. Moto wa Oktoba 2020 uliounguza miteremko ya Kilimanjaro ulipita katika vichaka vya Erica, na wanasayansi wamekwisha kuonyesha kwamba mioto ya mara kwa mara huugeuza msitu wa Erica kuwa kichaka kifupi na kuushusha mpaka wa miti. Ben Bhraggie ni hadithi hiyo hiyo iliyokwisha kufika mbali.

Miaka 6,000 iliyopita sehemu kubwa ya mabonde haya ilikuwa na miti: mibetula, misonobari, mihazeli. Ushahidi wake ni chavua iliyohifadhiwa ndani ya peti, yaani udongo mweusi wa mabaki ya mimea ambayo hayakuoza kwa kukaa majini. Peti huongezeka kwa takriban milimita 1 kwa mwaka, kwa hiyo anayechimba mita 3 anashuka maelfu ya miaka, na katika kila tabaka anasoma mimea ilivyokuwa. Hali ya hewa ilipozidi kuwa na mvua, ardhi ya tambarare ililowa na miti ikashindwa. Wakati huo huo wakulima wa kwanza walikata, wakachoma, wakachunga. Ni kipi kilichofanya kazi kubwa zaidi, mvua au shoka, inategemea bonde. Jambo moja ni wazi: hetha ni mmea wa nafasi iliyoachwa wazi. Miti ikirudi na kuitia kivuli, inadhoofika na kutoweka. Kila karne ambayo kilima kimebaki cha zambarau ni karne ambayo mnyama au mtu amezuia mche wa mti kukua.

Na watu walikuwepo, tena wengi. Chini ya kilima, ufukweni kati ya Golspie na Brora, yapo magofu ya Carn Liath, mnara wa mawe wa duara uliojengwa yapata miaka 2,000 iliyopita kwa kuta nene zisizo na saruji. Baada ya wajenzi hao walikuja Wapikti, walioacha mawe yaliyochongwa picha za samaki, wanyama na alama ambazo wataalamu bado wanabishana juu yake. Kisha wakaja mabaharia wa Norway kutoka visiwa vya Orkney, na ndio waliolipa jimbo hili jina la Sutherland, nchi ya kusini, kwa sababu kwao lilikuwa kusini, ingawa kwa mtu wa London hapa ni karibu na mwisho wa dunia. Hatimaye Kigaeli kikatawala mabondeni.

Maisha ya Wagaeli hao yanastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa sababu maadui wao waliyaeleza kwa haraka na kwa dharau. Waliishi katika vijiji vya nyumba ndefu za mawe na udongo, familia kwenye ncha moja na ng'ombe kwenye ncha nyingine. Walilima shayiri na oti katika vipande vya ardhi vilivyogawanywa upya mara kwa mara ili asiwepo mtu wa kumiliki peke yake udongo mzuri. Mali yao ilikuwa ng'ombe weusi wadogo, ambao kila mwaka wachungaji waliwaswaga kwa miguu mamia ya kilomita hadi minada ya kusini. Kiangazi kilipoingia, wanawake, vijana na watoto walipandisha mifugo vilimani, wakakaa wiki kadhaa kwenye vibanda wakitengeneza siagi na jibini. Ni huko vilimani nyimbo nyingi zilitungwa na wachumba wengi walipatana.

Kwa watu hao hetha ilikuwa ghala. Waliezekea mapaa kwayo. Walisokota kamba kwayo, wakafunga mafagio, wakatia rangi sufu, wakapika bia. Walitandika matawi yake yakiwa yamesimama, maua juu, wakalala, na wasafiri wengi walikiri kwamba kilikuwa kitanda kizuri. Nyika ilikuwa tupu kwa macho ya mpita njia tu. Kila bonde, kila kijito na kila jiwe kubwa lilikuwa na jina.

Historia inayojulikana sana husema kwamba Wagaeli waliangamizwa kwa sababu walimwasi mfalme na kushindwa katika vita vya Culloden tarehe 16 Aprili 1746. Sutherland inakanusha maelezo hayo mepesi. Siku moja tu kabla ya Culloden, karibu kabisa na Golspie, wanamgambo wa Sutherland waliokuwa upande wa serikali walikishinda kikosi cha waasi pale Littleferry. Watu hawa walikuwa watiifu kwa mfalme na kwa mabwana zao. Utiifu wao haukuwaokoa.

Mwaka 1766 mtoto wa kike wa mwaka 1, Elizabeth Gordon, alifiwa na wazazi wake na kurithi nchi nzima ya ukoo wa Sutherland pamoja na ngome ya Dunrobin iliyo chini ya Ben Bhraggie. Mwaka 1785 aliolewa na George Granville Leveson-Gower, Mwingereza wa familia tajiri, ambaye mwaka 1803 alirithi faida ya mfereji wa meli wa mjomba wake, Duke wa Bridgewater. Ndoa hiyo iliunganisha moja ya mashamba makubwa kuliko yote ya Ulaya magharibi na moja ya mifuko iliyotuna kuliko yote Uingereza. Vita na Napoleon vilikuwa vimepandisha bei ya sufu. Kondoo wa aina ya Cheviot, mnene na mvumilivu wa baridi, alikuwa amekwisha kupenya kaskazini. Mwaka 1792, ambao Wagaeli wanaukumbuka kama Mwaka wa Kondoo, wakulima wa jimbo jirani la Ross walijaribu kuwaswaga kondoo wote kuwarudisha kusini, na serikali ikawatuliza kwa askari. Hesabu ya wenye ardhi ilikuwa fupi. Mfugaji mmoja wa kondoo angelipa kodi kubwa kuliko kijiji kizima cha wapangaji, naye alihitaji mabonde yenye majani, yale yale ambamo watu waliishi.

Kuanzia mwaka 1807 hadi 1821 mabonde ya ndani ya Sutherland yalifutwa moja baada ya jingine. Kildonan, bonde linalofika baharini Helmsdale, lilikuwa na wakazi zaidi ya 1,500 katika sensa ya mwaka 1811; miaka 20 baadaye hawakufika 300. Watu wa Kildonan hawakukubali kimya kimya. Mapema mwaka 1813 waliwafukuza wapimaji na wafugaji waliokuja kukagua ardhi yao, na askari wakaletwa. Mwaka huo huo karibu 100 kati yao, wengi wakiwa vijana, walipanda meli ya Prince of Wales kwenda Kanada, kwenye koloni alilolianzisha Lord Selkirk kando ya Mto Red. Homa iliwaua baadhi yao baharini. Waliobaki walishushwa pwani ya Ghuba ya Hudson, mbali na walikotarajia, wakakaa huko majira ya baridi, kisha wakatembea juu ya theluji kutafuta njia ya kusini. Ndiyo sababu jiji la Winnipeg lina mitaa inayoitwa Kildonan.

Lipo jambo moja ninaloona linauma kuliko mengine. Mwaka 1799 shamba hilo hilo la Sutherland lilikuwa limetoa vijana wake kuunda kikosi cha 93 cha jeshi la Uingereza. Familia zao zilielewa kwamba mtoto akivaa sare, wazazi hawataondolewa kwenye ardhi. Tarehe 8 Januari 1815 kikosi hicho kiliamriwa kusimama mbele ya bunduki za Wamarekani huko New Orleans, nacho kikasimama bila kurudi nyuma, mamia yakaanguka. Wakati huo nyumba za kwao zilikuwa zimekwisha kuanza kuchomwa. Inasimuliwa kwamba miaka 40 baadaye, wakati wa vita vya Crimea, Duke wa Sutherland wa wakati huo alikuja kuomba askari wapya, na mzee mmoja akasimama akamjibu awapeleke kondoo wake.

Mtu ambaye jina lake limebaki na harufu ya moshi ni Patrick Sellar, mwanasheria aliyekuwa mmoja wa mawakala wa shamba. Alikusanya kodi, aliandaa hati za kuwafukuza watu, na papo hapo alikuwa amejikodishia sehemu ya bonde la Strathnaver kwa ajili ya kondoo wake mwenyewe. Yaani aliyefukuza ndiye aliyekuja kukaa. Juni 1814 yeye na watu wake walifika Badinloskin, wakaitia moto nyumba aliyokuwamo Margaret MacKay, mwanamke mkongwe anayekaribia miaka 100 asiyeweza kutoka kitandani. Ndugu zake walimtoa katikati ya moto. Alifariki siku chache baadaye. Kubomoa paa na kuchoma mbao kulikuwa na sababu yake. Katika nchi isiyo na miti, mbao za paa zilikuwa mali adimu kuliko kitu chochote cha nyumbani, na familia iliyobaki na mbao ingejenga tena ng'ambo ya mto.

Robert McKid, hakimu wa wilaya, alithubutu kumkamata Sellar. Kesi ilisikilizwa Inverness mwezi Aprili 1816. Wazee wa baraza walitoka zaidi katika tabaka la wenye ardhi na wafanyabiashara, na Sellar aliachiwa huru. McKid ndiye aliyeishia kupoteza kazi na kulazimika kuandika barua ya kumwomba radhi mshtakiwa. Mwenye nguvu mpishe, na mwaka 1819 Strathnaver ikafutwa tena, kwa ukubwa zaidi. Donald Macleod, mwashi wa mawe aliyezaliwa katika kijiji cha Rossal, aliandika baadaye kwamba usiku mmoja alipanda mahali palipoinuka akahesabu nyumba 250 zikiwaka, nyingi akiwajua wenyewe kwa majina.

Walioondolewa walipewa vishamba vya ekari chache ufukweni, vidogo kwa makusudi, ili njaa iwalazimishe kuvua heringi au kufanya kazi ya kibarua. Wengi walikuwa hawajawahi kupanda mashua. Makazi mapya ya pwani ya kaskazini yakaitwa Bettyhill, kwa heshima ya Elizabeth. Mtu alichomewa nyumba, kisha akaishi hadi kufa katika kijiji chenye jina la mwenye nyumba.

Wapo wanaotetea shamba, na utetezi wao usipuuzwe. James Loch, msimamizi mkuu wa mali za familia, aliandika kitabu mwaka 1820 akieleza kwamba mabonde yalikuwa yakipigwa na njaa kila baada ya miaka michache, na kwamba familia ilimwaga fedha kujenga barabara, madaraja, bandari na viwanda. Ni kweli fedha zilimwagwa. Ukiwa kileleni Ben Bhraggie unaliona tuta la The Mound lililokamilika mwaka 1816 kuvusha barabara juu ya mkono wa bahari wa Loch Fleet, kazi ya kihandisi ya kupendeza. Lakini njaa ya mtu haimpi jirani yake haki ya kuchukua shamba lake, na barabara haikuhitaji moto ili ijengwe. Kama mpango ulikuwa kwa faida ya wapangaji, mbona hakuna aliyewauliza?

George Granville alipewa cheo cha Duke mwezi Januari 1833 na akafariki Julai mwaka huo huo, hapo Dunrobin. Kazi ya mnara wake kileleni Ben Bhraggie ilianza mwaka 1834 na kukamilika mwaka 1837. Msanifu alikuwa William Burn, na sanamu ilichongwa na Joseph Theakston kwa kufuata mfano wa Sir Francis Chantrey. Pamoja na nguzo, jengo lote lina urefu wa takriban mita 30, na linaonekana kutoka kilomita nyingi baharini na nchi kavu. Maandishi yake yanamsifu kama mwenye ardhi mwenye busara, mkarimu na mpole, na yanasema wapangaji waliojaa huzuni na shukrani ndio waliomjengea. Wapangaji walichangishwa, hilo ni kweli. Ni nani kati yao angethubutu kukataa mbele ya wakala, ilhali mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja? Wenyeji wamempa jina la Mannie, yaani kijimtu. Uso wake unatazama bahari. Mabonde yaliyofutwa yako mgongoni mwake.

Vita vilivyofuata vilipiganwa kwa kalamu. Miaka ya 1840 na 1841 Macleod alichapisha barua zake katika gazeti la Edinburgh. Mwaka 1853 Karl Marx aliandika katika gazeti la New York kumshambulia Duchess wa Sutherland wa wakati huo, aliyekuwa akiwahimiza wanawake wa Marekani wapinge utumwa. Mwandishi Harriet Beecher Stowe, aliyekuwa ameandika kitabu mashuhuri dhidi ya utumwa, alikaribishwa na Duchess huyo, na katika kitabu chake cha safari cha mwaka 1854 aliutetea mpango wa Sutherland kama maendeleo. Macleod, wakati huo akiwa mhamiaji Kanada, alimjibu mwaka 1857 kwa kitabu kizima, akarudia mashtaka yake yote. Mwashi wa Rossal alimjua Margaret MacKay. Mgeni wa Duchess alionyeshwa bustani.

Kondoo nao hawakudumu. Kuanzia miaka ya 1870 sufu na nyama kutoka Australia na New Zealand zilishusha bei, na mabonde yakageuzwa mapori ya kuwinda. Reli ilikuwa imefika Golspie mwaka 1868, tajiri wa London akaweza kulala ndani ya behewa na kuamka kwenye mawindo. Kufikia mwaka 1912 zaidi ya ekari milioni 3 za Uskoti zilikuwa zimetengwa kwa ajili ya kulungu. Kwenye nyika kavu zaidi aliyetafutwa alikuwa kware mwekundu, ndege anayekula machipukizi ya hetha. Kwa ajili yake walinzi wa nyika walianza kuchoma hetha kwa mafungu na kwa zamu, ili daima kuwe na machipukizi ya kula na vichaka virefu vya kujificha. Ndiyo maana vilima vingi vya mashariki mwa Uskoti, vikitazamwa kutoka mbali, vina mabaka ya rangi tofauti. Msimu wa risasi hufunguliwa tarehe 12 Agosti, wakati wa maua. Picha ya Uskoti inayouzwa kwenye makopo ya biskuti ilichorwa katika miaka hiyo, na wachoraji hawakuwa na haja ya kuwaondoa watu kwenye picha.

Mtembea kwa miguu naye ilimbidi apiganie njia. Mwaka 1847 Profesa John Hutton Balfour na wanafunzi wake wa botania walizuiwa na watumishi wa Duke wa Atholl katika bonde la Glen Tilt. Mwaka 1884 mbunge James Bryce alipeleka bungeni muswada wa kuruhusu watu kupanda milima, ukakwama, akaurudisha tena, ukakwama tena. Kesi niipendayo zaidi ni ya mwaka 1885. William Winans, tajiri wa Kimarekani aliyekodi pori la kulungu la zaidi ya ekari 200,000, alimshtaki mshona viatu maskini wa Kintail, Murdoch Macrae, kwa sababu mwanakondoo aliyefugwa na familia yake alikula majani kando ya barabara ndani ya pori hilo. Mahakama kuu ikamwona Winans hana hoja, na nchi nzima ikajua ni mnyama wa aina gani aliyetishia mawindo ya bwana mkubwa.

Wakati huo Wagaeli walikuwa wamekwisha kuchoka. Wakulima wa kisiwa cha Skye walipambana na polisi mwaka 1882, na mwaka 1883 tume ya Lord Napier ikazunguka nyanda za juu kusikiliza malalamiko. Bettyhill mzee Angus Mackay aliieleza tume jinsi siku ya kufukuzwa Strathnaver, yeye mwenyewe akiwa mtoto wa miaka 11, alivyombeba mdogo wake kuvuka mto Naver, na karibu wazame wote wawili. Alikuwa amesubiri takriban miaka 70 ili aulizwe. Sheria ya mwaka 1886 iliwapa wenye vishamba haki ya kutofukuzwa, kodi iliyopangwa na tume badala ya bwana, na fidia ya walichojenga. Mabonde hayakurudishwa.

Karne ya 20 nitaipita haraka, isipokuwa jambo moja. Miaka ya 1980 nafuu ya kodi iliwavutia matajiri kupanda misonobari ya kigeni juu ya peti ya Sutherland na Caithness. Mitaro ilichimbwa, maji yakakaushwa, na kaboni iliyohifadhiwa kwa maelfu ya miaka ikaanza kurudi hewani, hadi serikali ilipoifuta nafuu hiyo mwaka 1988. Leo miti hiyo inakatwa na mitaro inazibwa. Julai 2024 UNESCO iliiandikisha Flow Country, nchi hiyo ya peti iliyo kaskazini mwa Ben Bhraggie, katika Urithi wa Dunia, ardhi ya kwanza kuandikishwa kwa sababu ya peti yake. Ilikwisha kuonja hatari: Mei 2019 moto uliteketeza eneo kubwa upande wa kaskazini. Mwaka 2024 pia Bunge la Uskoti lilipitisha sheria ya kudai leseni kwa anayetaka kuchoma nyika. Wasimamizi wa mawindo wanasema kuchoma kwa mpango hupunguza kuni za moto mkubwa. Wanamazingira wanasema peti haipaswi kuguswa na moto wowote. Kwa nchi iliyokwisha kuchomwa mara nyingi hivi kwa uamuzi wa wachache, kuomba kibali si sharti kubwa.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 2003 ndiyo inayompa mtembeaji wa leo uhuru wake. Mtu yeyote, mwenyeji au mgeni, ana haki ya kutembea karibu ardhi yote ya Uskoti, awe na adabu, asiharibu mazao, asisumbue mifugo. Ben Bhraggie kinatumika hivyo: waendao kwa miguu wanaitumia njia ya mteremko, waendesha baiskeli za milimani wanashuka kwa njia yao kutoka kileleni hadi karibu na bahari. Siku ya anga safi, mitambo ya upepo inaonekana majini, na ng'ambo ya ghuba pwani ya Moray. Upande ule, katika mji wa Nairn, ndiko alikozaliwa mwaka 1827 James Augustus Grant, aliyeondoka Zanzibar na mpelelezi Speke mwaka 1860 kutafuta chanzo cha Nile, na ambaye jina lake limebaki kwa swala granti wa mbuga zetu.

Kuhusu Mannie, ubishi haujaisha. Mwaka 1994 diwani wa zamani aliomba kibali cha kumwangusha na kuweka kumbukumbu ya waliofukuzwa, kibali hakikutolewa. Watu wamejaribu kulegeza mawe ya nguzo usiku, wengine wameyapaka rangi. Mimi ningemwacha alipo, na pembeni yake ningeweka ubao mkubwa wenye majina ya vijiji vyote vilivyofutwa, kwa Kigaeli, kuanzia Rossal na Badinloskin. Mtu aliyepanda saa nzima kuja kumtazama Duke ana nguvu za kusoma orodha hiyo. Helmsdale wamekwisha kufanya sehemu yao: tangu mwaka 2007 ipo sanamu ya shaba ya familia ya wahamiaji, mama akigeuka kulitazama bonde, na nakala yake imesimama Winnipeg.

Na kuna hatua kubwa kuliko sanamu. Sheria ile ile ya mwaka 2003 iliwapa wenye vishamba haki ya kuinunua ardhi wanayoitumia, kwa pamoja. Nje kidogo ya Helmsdale, katika vijiji vya pwani walikosukumwa watu wa Kildonan, wakazi waliunda shirika lao, Garbh Allt, wakachangishana, wakaomba ruzuku, wakajadiliana na shamba la Sutherland. Mwaka 2016 walinunua takriban ekari 3,000, makonde na nyika ya hetha iliyo juu yake. Wanaokutana sasa kuamua wapi wapande miti na wapi wajenge nyumba za vijana, baadhi yao ni wa vizazi vya waliofukuzwa mwaka 1813, na uamuzi huo hawahitaji tena kumpelekea wakala wa mtu yeyote.